Naomba ushauri: macho kukosa ukali na vivuli usoni katika picha za watu

Ndugu wanajamii, naombeni ushauri wenu. Ninapiga picha za watu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), na mara nyingi pua hutoka kali ilhali macho yana ukungu, hasa mtu anapogeuza uso kidogo. Je, nifunge lenzi hadi f/4 (tundu dogo zaidi) na kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), au inatosha kulenga jicho lililo karibu? Jua la mchana huacha vivuli vizito chini ya nyusi, na kanzu nyeupe hupoteza mikunjo yake yote ninapoongeza mwanga ili uso uonekane. Nadhani kivuli cha barazani kingefaa kuliko flashi. Kuhusu mkao, wazee hukakamaa mbele ya kamera: mnawaelekezaje mabega na mikono bila kuwavunjia heshima?