Mrejesho: Jiometri kwa picha za simu, darasa la sita

Wakuu, salaam. Niliomba ushauri kuhusu wanafunzi wangu wanaokariri majina ya pembe lakini hawazioni popote nje ya daftari, mkaniambia niwape kamera. Nimetumia simu yangu, makundi yakapokezana, kisha picha nikazichapisha stesheneri, nyeusi na nyeupe tu.

Kilichowateka ni kenchi za darasa jipya ambalo bado halijaezekwa. Mbao zimeunda pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili zinazolingana, na nguzo ya katikati inaigawa kuwa pembetatu mraba mbili, kila moja ikiwa na pembe mraba, yaani ya nyuzi 90. Wakapima kwa kipimapembe juu ya karatasi. Kundi moja lilikuwa limepiga picha kwa upande, pembe mraba ikasoma nyuzi 74. Ubishi ukazuka! Nikawaambia wajumlishe pembe tatu za kila pembetatu: picha ya mbele 180, ya upande nayo 180. Nilifurahi mno, maana wamegundua wenyewe kipi hubadilika na kipi hakibadiliki.

Atakayejaribu asimame mkabala na kitu, simu isiinamishwe. Madirisha ya nondo yanafaa sana kwa mistari sambamba. Sisi sasa tunahamia kwenye duara, tunaanza na ringi ya baiskeli. Asanteni sana.