Mgodi kwenye barafu: Europa, Titan, Ceres au Callisto?

Binti_Njoro (Nakuru)
Hamjambo wadau. Naandika hadithi ya wachimba migodi kwenye ulimwengu wa barafu, huko kwa Mshtarii au Zohali, miaka mia mbili ijayo. Vita vya angani havimo. Kuna zamu, mishahara inayochelewa, na salamu za nyumbani ambazo jibu lake hurudi baada ya saa nzima na ushee. Wanachimba barafu, maji yake yatenganishwe kuwa haidrojeni na oksijeni za kuendeshea vyombo, na mwamba wa kujengea.

Nimekwama kwenye mahali. Europa, mwezi wa Mshtarii, ina bahari chini ya barafu na kila mtu anaipenda. Titan, mwezi wa Zohali, ina hewa nzito, mvua ya methani na maziwa. Ceres, sayari kibete, iko karibu zaidi, kati ya Mirihi na Mshtarii. Callisto, mwezi mwingine wa Mshtarii, ni nadra kusikia ikitajwa. Mngechagua ipi? Nataka mtu aliyewahi kushuka shimoni akisoma aione kazi yake mwenyewe.

Mwalimu_Bungoma
Dada, Europa iondoe mapema. Iko kilomita 671,000 tu kutoka Mshtarii, ndani kabisa ya mionzi. Mtu akisimama juu ya barafu yake bila kinga hupata takriban sieverti 5.4 (kipimo cha mionzi mwilini) kwa siku, na dozi ya namna hiyo huua. Halafu jiulize, mwamba uko wapi? Uko chini ya barafu na maji ya kilomita mia hivi. Utachimba barafu tu, mwamba hutauona.

Callisto iko kilomita milioni 1.88 kutoka Mshtarii, mionzi imefifia sana. NASA walipochora mwaka 2003 mpango wa kupeleka watu huko nje, Callisto ndiyo waliyoichagua. Tena barafu na mwamba wake havikutengana vizuri tangu mwanzo, vimekaa pamoja kama kokoto kwenye zege. Shimo moja linakupa vyote viwili.

Kondele_Juu (Kisumu)
Kura yangu Titan. Kanieneo ya hewa ni kama mara moja na nusu ya hapa kwetu, kwa hiyo huhitaji suti ya kujazwa hewa. Nguo ya joto na barakoa ya oksijeni, basi. Na uvutano ni mdogo, hewa ni nzito, mtu akijifunga mabawa anaruka kwa nguvu za mikono yake. Hebu mwone mchimbaji akitoka zamu anaruka kwenda kwake juu ya ziwa la methani!

Keekee_Menengai (Nakuru)
Kondele, picha hiyo ni tamu, lakini hewa hiyo hiyo ndiyo itakayomuua. Ni nyuzi 179 chini ya sifuri, na hewa nzito inakupokonya joto kila upande, mchana na usiku. Callisto nayo ni baridi, kama nyuzi 140 chini ya sifuri, lakini haina hewa ya kuhesabika. Joto linatoka kwa kununurika na kupitia nyayo zinazogusa ardhi. Unaweza kulizuia.

Nasema hivi kwa sababu nachimba visima vya mvuke, na mambo ya joto ndiyo mkate wangu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu ambayo tayari iko nyuzi sifuri hula kilojuli 334. Ni joto lile lile la kupasha kilo ya maji kutoka nyuzi 20 hadi ichemke. Na barafu yako wewe bado iko mbali na sifuri! Jua huko ni sehemu moja ya 27 ya jua letu. Kwa hiyo dada, kitu cha thamani zaidi mgodini mwako hakitakuwa madini. Kitakuwa joto la tanuri la nyuklia, na bosi atalipima kwa kijiko.

Jambo lingine. Sisi tunasukuma matope kisimani yarudi juu na vumbi la mwamba. Pale hayawezekani, maji yakiachwa wazi yanachemka na kuganda kwa wakati mmoja. Weka parafujo ndefu ya kuinua vumbi. Na usimpe mtu nyundo ya chuma cha kawaida. Baridi hiyo inakifanya kivunjike kama kigae.

Barafu_Dunga (Kisumu)
Mimi nauza barafu ya samaki, nyota sizijui. Ila barafu naijua. Bonge likitoka kwenye baridi kali ukalimwagia maji ya bomba linalia *ta!* na ufa unapita katikati. Ukilishika kwa mkono mbichi, ngozi inabaki pale. Na ile tunayoponda, ukiiacha kwenye gunia mahali penye joto kidogo, asubuhi ni jiwe moja, unaipiga kwa mtarimbo upya. Kwa hiyo vumbi la barafu la mgodi wako litakwama pale pale mtambo ulipo na joto. Mpe mtu ambaye kazi yake ni kugongagonga mfereji usizibe. Kwetu yupo, na ni wa kwanza kulaumiwa.

Binti_Njoro
Kaka, huyo mgongaji nimemchukua leo hii. Na Ceres je?

Mwalimu_Bungoma
Ina chumvi nyingi, ina barafu, na chombo cha Dawn kiliifikia 2015 kikaipiga picha vizuri. Lakini mtu wa kilo 70 anahisi uzito wa kilo mbili. Piga nyundo, urushwe dari. Hadithi yote itakuwa ya kujifunga kamba.

Mjukuu_wa_Rosterman (Kakamega)
Dada, babu yangu alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu wa Rosterman kabla haujafungwa 1952, na huku Ikolomani watu wangali wanashuka. Kabla ya kuanza kazi tunagonga dari kwa mtarimbo. Mwamba mzima unalia kama kengele. Uliolegea una sauti ya mtungi mtupu, na hapo hukai. Nguzo za mbao nazo hulia kabla ya kuvunjika, ndiyo maana wazee walizipenda kuliko chuma. Callisto hakuna hewa, hakuna sauti. Watakufa bila onyo. Hilo ulifikirie kabla ya kuichagua.

Keekee_Menengai
Mzee, sauti inapita kwenye chuma hata pasipo hewa. Akiushika mtarimbo kwa nguvu itamfikia mkononi. Au aegemeze kofia yake ya suti kwenye ukuta.

Mjukuu_wa_Rosterman
Basi glavu iwe nyembamba kiganjani.

Binti_Njoro
Nyembamba kiganjani, na baridi ya nyuzi 140 upande wa pili. Ni Callisto. Sura ya kwanza inaanza na mama mmoja wa zamu ya usiku, vidole viwili vimekufa ganzi, ambaye kampuni inamtaka avae glavu nene naye anakataa. Nitaileta hapa Jumapili. Mzee, naomba uisome wewe kwanza.