Ile MG ya Baba Mdogo

JUMATANO

Baba Mdogo Elia: Mbukwenyi wana ukoo. Nimeamua, ile gari yangu ya zamani, MG, naiuza. Neema anaingia chuo mwezi wa kumi na ada haisubiri. Lisomeni tangazo kabla sijalirusha:

"Nauza MGB ya mwaka 1969, ya wazi, turubai jipya. Injini ni yake yenyewe, 1798 cc, kabureta mbili. Nimeifufua mwenyewe nyumbani Nkuhungu, Dodoma, kwa miaka sita. Kadi ipo kwa jina langu. Kasoro: ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo kasi) haifanyi kazi. Geji ya mafuta inadanganya. Chini ya mlango wa kushoto nimechomelea mwenyewe, si pazuri kwa macho lakini pameshika. Milioni 38, maongezi yapo."

Amosi Dar: Shikamoo Baba Mdogo. Sasa hili ni tangazo au maungamo ya Ijumaa Kuu? 😂

Mama Pendo: 😂😂😂

Amosi Dar: Toa hizo kasoro. Mteja akija ataona mwenyewe

Baba Mdogo Elia: Marahaba. Ndiyo hapo sasa, ataona mwenyewe. Anayetafuta gari kama hili haji kuangalia rangi inavyong'aa. Anakuja na sumaku mfukoni

Pendo: Sumaku ya nini Baba Mdogo?

Baba Mdogo Elia: Anaipitisha kwenye bodi. Penye bati inanasa, penye puti nene (ile plasta ya kuzibia mashimo ya bodi) inadondoka. Ikidondoka na wewe ulishasema "bodi safi", hata injini yako hataiamini tena

Shangazi Kikuyu: Mimi niko nyuma ya habari. Milioni 38 gari la watu wawili? Hela hiyo si unapata Noah, unapakia na magunia ya alizeti

Mjomba Yona: Shemeji hilo si la magunia, hilo ni la kupunga upepo

Shangazi Kikuyu: Upepo wa Dodoma una vumbi, ataupunga nani

Amosi Dar: Lakini kweli Baba Mdogo, wewe mwenyewe limekutoka shilingi ngapi?

Baba Mdogo Elia: Risiti zote ziko kwenye faili la bluu. Kulinunua kama gofu kule Mpwapwa, vipuri, usafiri, rangi, turubai: milioni 31 na kidogo. Vipuri vyenyewe havikunitesa. Magari haya yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya laki tano, na huko mpaka leo unauziwa hata bodi nzima mpya. Kesi ni kukifikisha kipuri Nkuhungu. Gasketi moja ilikaa njiani miezi minne

Baba Mdogo Elia: Kazi yangu sijaipigia hesabu, na namwomba Mama Neema naye asiipige

Mama Neema: Nilishaipiga

Mama Pendo: 🙈

Mjomba Yona: Shemeji, hapo kwenye mlango wa kushoto paeleze vizuri. Mtu akisoma atadhani liligongwa

Baba Mdogo Elia: Ngoja niandike maana sauti hamsikilizi.

Gari hili halina chesesi ya peke yake, bodi ndiyo chesesi. Kuna boksi la bati linapita chini ya mlango, ndilo linalobeba uzito, na ndilo linaloliwa na kutu kwanza. La kushoto lilikuwa kama chapati iliyotafunwa na panya. Mimi kwa ujuaji nikalikata lote siku moja bila kufunga kitu kwenye uwazi wa mlango. Na gari lenyewe halina paa la kulishikilia! Usiku nikiwa nimelala nikasikia "ngrrr". Asubuhi naenda, gari limelegea katikati kama kitanda cha kamba, mlango umebanwa, haufunguki.

Wiki mbili nanyanyua kwa jeki kidogo kidogo. Nikatafuta bomba, nikalichomelea kutoka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, ndipo nikaanza upya. Upande wa kulia nilitanguliza bomba kabla ya kukata. Ndiyo maana kulia kumenyooka na kushoto kuna makovu

Pendo: Kumbe ndiyo lile bomba Bibi anaanikia kanga 😂

Baba Mdogo Elia: Ndilo

Amosi Dar: Ujumbe huu umefutwa

Mama Neema: Amosi nimeusoma

Pendo: Hapa niko na Bibi, anasema niandike hivi: "Elia mwanangu, baba yako aliuza ng'ombe mwenye kilema cha jicho, akamwonyesha mnunuzi jicho lenyewe kwanza. Tangazo liache hivyo hivyo. Ila punguza bei, umezidisha."

Baba Mdogo Elia: Shikamoo mama. Maongezi yapo nimeandika

IJUMAA

Baba Mdogo Elia: Kuna dalali kapiga, ana mteja wa milioni 45, cha juu chake kiwe 10. Nimemwambia mteja aje mwenyewe tuonane.

Yupo mwingine wa Dar, anapanda SGR kesho asubuhi. Hajauliza bei. Kauliza kama zile silinda ndogo za juu ya kabureta nazitia oili. Huyo ni mtu

Mjomba Yona: Ukiuza, pesa isomeke kwenye akaunti kwa macho yako. Meseji ya benki siku hizi hata mtoto anaitunga. Na mkataba kwa wakili

JUMAMOSI

Pendo: Jamani mzee wa Dar kafika. Kavaa ovaroli chini ya koti 😳

Pendo: Kalala chini ya gari na tochi. Dakika 40 sasa

Pendo: Sumaku imetoka

Amosi Dar: Toa ripoti mlango wa kushoto

Pendo: Imenasa kote. Kapitisha kidole kwenye yale makovu, kasema "umeteseka hapa". Baba Mdogo karibu alie

Pendo: Wametoka kulijaribu

Mama Neema: Saa nzima sasa. Chakula kinapoa

Baba Mdogo Elia: Tumekwama barabara ya Ipagala. Msiongee

Shangazi Kikuyu: Yesu wangu

Baba Mdogo Elia: Tumerudi. Ilikuwa pampu ya mafuta. Ile ya umeme, iko nyuma karibu na gurudumu la kulia. Ukiwasha swichi inalia tik tik tik mpaka kabureta zijae, halafu inanyamaza. Leo ilinyamaza kabla haijaanza. Nikaingia chini, nikaigonga kwa mpini wa spana, ikalia. Mzee akanitazama tu

Amosi Dar: Hiyo kwenye kasoro haikuwepo 👀

Baba Mdogo Elia: Haikuwepo. Iliwahi kunifanyia hivyo mwezi wa tatu, mara moja. Nikajiambia imepona

Mama Neema: Mwanaume na gari lake

Mjomba Yona: Sasa kasemaje?

Baba Mdogo Elia: Kasema kila nilichoandika amekikuta kilivyo, kwa hiyo kwa hili moja ananikata milioni 2 na hanikati zaidi. Tumefunga 36. Wakili Jumatatu, na kadi ya gari tunakwenda kuihamisha pamoja

Shangazi Kikuyu: Aleluya! Kuna watu wana hela jamani

JUMANNE

Baba Mdogo Elia: Pesa imesomeka benki, nimeiona. Ameondoka nalo saa 12 asubuhi, anakwenda nalo mwenyewe mpaka Dar, turubai kafungua. Nimempa faili la bluu, nyundo ya shaba ya kufungulia rimu za spoku, na ile spana

Mama Pendo: Pole shemeji. Unajisikiaje?

Mama Neema: Yuko nje, anatazama doa la oili

Mama Neema: Nimeshaanika mlenda pale. Doa nimeliruka

Baba Mdogo Elia: Kapiga simu. Yuko Kibaigwa, limezima

Amosi Dar: 😬😬

Shangazi Kikuyu: Mwambie agonge!

Baba Mdogo Elia: Kagonga. Alikuwa ananisikilizisha tu inavyolia