Familia ya Kibosho: ile filamu ya jana

Shangazi Rose: Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Mwenzenu sijalala. Ile filamu ya Kes aliyotuonyesha Bahati bado imenikaa kifuani.

Bahati: Milele amina shangazi. Ya mwaka 1969 ile, ya Ken Loach.

Mjomba Deo: Inahusu nini? Mimi nilikuwa zamu.

Shangazi Rose: Mtoto wa Barnsley, Uingereza, kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Anaitwa Billy Casper, yaani kama Gasper wetu! Kadogo, kamekonda. Nyumbani kaka yake anampiga, shuleni anachekwa, walimu ndiyo usiseme. Hataki kuishia mgodini. Basi akachukua kinda la kipanga akaanza kulifundisha kurudi mkononi.

Mjomba Deo: Kipanga? Hawa wanaobeba vifaranga vya Bibi?

Bahati: Ukoo huohuo. Maktaba walimnyima kitabu cha kufuga ndege, akaenda kukiiba dukani. Masomo hana habari nayo, hicho kakisoma chote. Na aliyeigiza, David Bradley, alikuwa mwanafunzi wa hukohuko. Lafudhi yao nzito mpaka kwa ajili ya Marekani sehemu nyingine zikarekodiwa sauti upya.

Mama Gasper: Mimi niliumia pale kwenye mpira. Mwalimu mzima anajifanya Bobby Charlton, yule mchezaji maarufu wa Uingereza, kisha anambana mtoto bafuni na maji ya baridi. Gasper alinishika mkono, hakusema kitu. Juzi karudi shati limechanika. Wenzake shuleni wanamwigiza kigugumizi chake. Shule nimeenda mara mbili, naambiwa ni utoto.

Baba Gasper: Nilishasema ajifunze kujitetea. Hata sisi tulipigwa.

Shangazi Rose: Kaka, nisamehe, hapo sikubali. Wewe uliona yule mwalimu mwingine, Farthing? Alimsimamisha Billy mbele ya darasa aeleze habari za ndege wake. Mwanzoni mtoto anang'ata maneno. Halafu anaanza: kamba anafungaje, nyama anamlishaje, siku ya kwanza anamwachia bila kamba roho ikimdunda. Darasa lote kimya, walewale wanaomcheka! Hakuna aliyemfundisha ujasiri. Aliulizwa kitu anachokijua, basi.

Mjomba Deo: Mwisho ikawaje?

Bahati: Kaka yake alimwachia hela aende kumbetia farasi, Billy akaitumia. Farasi wakashinda. Kaka mtu akamuua kipanga, akamtupa kwenye pipa la taka. Billy akamtoa, akamzika.

Baba Gasper: Hapo ndipo nilitoka nje.

Baba Gasper: Januari niliuza njiwa wa Gasper pale Mbuyuni. Sikumwambia. Niliona anashinda bandani, daftari hagusi.

Shangazi Rose: Ee Mungu wangu.

Mama Gasper: Wiki nzima alikuwa anaenda kuchungulia banda tupu kabla ya shule. Sikukuambia Baba Gasper, nilijua utakasirika.

Baba Gasper: Jana usiku nilimfuata chumbani. Nikamuuliza wale njiwa alikuwa anawatofautishaje, maana kwangu wote walikuwa sawa. Tumekaa mpaka saa sita. Kila mmoja alikuwa na jina. Anakwama, nasubiri. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo tangu azaliwe.

Mjomba Deo: Shemeji, nina mbao zimebaki hapa Majengo, na wavu kipande.

Baba Gasper: Nitapita jioni, nije naye achague mwenyewe.

Mama Gasper: Na kesho narudi shule.

Baba Gasper: Tunaenda wote. Saa moja na nusu niko getini.