Kukanda watu kwa malipo bila leseni, nakosea?

Habari wakuu. Kuchua mgongo na mabega nilifundishwa na bibi, na kwa miaka sita nimewakanda ndugu na marafiki bure. Sasa wananiletea watu nisiowajua, nao wanalipa. Cheti sina, leseni sina. Mikono yangu naiamini, ila roho haitulii. Niendelee?

Jibu: Ndugu, pesa ndiyo inayobadilisha mambo. Majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, yanadai leseni ukishatoza. Ulizia sheria ya huko uliko kabla ya mteja mwingine.

Jibu: Mimi nimeisomea kazi hii, na kinachonitisha si karatasi. Alinijia mama mmoja, shavu la mguu mmoja limevimba, la moto, akitaka nilichue. Nilikataa kumgusa, nikamhimiza aende hospitali. Damu ilikuwa imeganda mshipani. Donge kama lile ukilikanda laweza kung'oka likaenda mapafuni, na mtu akafa mikononi mwako. Bibi alikufundisha kuitambua hali hiyo?

Muulizaji: Hapana, dada. Na miguu iliyovimba nimeshaichua, tena mingi. Wateja wa kesho nimewaahirisha, natafuta chuo.