Mkasi, klipa ama saluni? Miguu ya mbwa wa manyoya marefu

MamaPombi_Embakasi
Wadau habari zenu. Nina mbwa aina ya Shih Tzu na tangu mvua ianze miguu yake imenishinda kabisa. Huku kwetu ni ule udongo mweusi wa kunata, akitoka tu nje anarudi na mabonge katikati ya vidole, yakikauka kitana hakipiti, alafu ndani kuna tailizi, kila akikimbilia mlango anateleza. Mnatumia nini nyinyi kupunguza hayo manyoya ya miguu, mkasi, klipa (mashine ya kunyoa) ama mnapeleka tu saluni ya mbwa?

MzeeWaCocker
Mkasi, lakini sio ule wa jikoni tafadhali. Nunua mfupi wenye ncha butu. Mbwa awe mkavu na amechanwa kwanza, ukikata manyoya yakiwa na maji yatakudanganya urefu. Chukua brashi uvute zile nywele za kati ya vidole zisimame juu, kata zile zinazozidi usawa wa kidole tu, usichimbe ndani. Kisha mweke mguu chini asimame nao vizuri na uzungushe ukingo wote. Ukikata akiwa amekunja mguu, akisimama unaona upande mmoja umeenda shamba.

KlipaTu
Mzee kwa juu nakubali, lakini chini ya mguu mkasi nakataa. Ngozi ya kati ya zile pedi (vile vinyama vya chini anavyokanyagia) ni laini na inajikunja, mbwa akivuta mguu kidogo tu ushamkata, na hapo ndipo anaanza kuogopa miguu kushikwa maisha yake yote. Mimi natumia klipa ndogo ya betri, ile ya blade nyembamba (na stima za huku zilivyo, ya waya itakuacha na mguu mmoja umenyolewa). Kama yako ni ile kubwa ya kubadilisha blade angalia namba: 10 inaacha karibu milimita 1.5, namba 30 nusu milimita, 40 robo. Namba ikipanda, nywele zinabaki fupi zaidi. Kwa mtu anaanza, 10 inatosha, unapitisha juu juu usawa na pedi basi, hakuna haja ya kuingia kwenye mashimo.

Otis_Roysambu
Na mashine ya kinyozi ya kawaida? Iko moja hapa kwa nyumba imekaa tu

KlipaTu
Ile kubwa ya kichwa hapana ndugu, manyoya ya mbwa yanajaza meno, inaanza kuvuta, inapata moto. Kale kadogo ka ndevu kanaweza, chini ya mguu tu na kwa mbwa mdogo. Kila baada ya mguu mmoja gusisha blade ndani ya kiwiko cha mkono wako, ukisikia joto wewe, yeye anasikia zaidi.

DadaWaKarura
Mimi na Maltese wangu ni saluni, sioni aibu kusema. Anauma. Lakini chagueni vizuri, kuna mahali walimwogesha kwanza na mabonge ya manyoya yaliyosokotana yakiwa bado, maji yakayakaza mpaka ikabidi anyolewe yote. Mabonge yanatolewa kabla ya maji, ukisikia mtu anaanza na shampuu geuka urudi. Alafu hata kama unalipa mtu, ukitoka matembezi fungua vidole mwenyewe uangalie, kupe wanapenda sana hapo, na zile mbegu za kishona nguo zinajificha zinachoma ngozi. Na kwa wenye maboma ya vumbi, funza pia anaingia kwa mbwa, sio watu tu.

PoodleBaba
Mimi nanyoa mguu mzima, juu na chini, hakuna matope yanashika, mnajisumbua bure 😂

MzeeWaCocker
Wewe una Poodle, huo ndio mtindo wao tangu zamani. Shih Tzu wa dada ukimnyoa hivyo atabaki na miguu ya kuku.

MamaPombi_Embakasi
😂😂 Miguu ya kuku sitaki. Basi nimeelewa, klipa ndogo chini, mkasi juu. Shida ni hizo sauti, akisikia hata blenda anaingia chini ya kiti.

KlipaTu
Usimnyoe leo basi. Iwashe ikiwa mbali wakati anakula, siku zingine ilete karibu, baadaye mguse nayo mguuni ikiwa imezimwa. Na sio lazima umalize miguu yote mara moja, mguu mmoja jioni, unampa kitu, unaachana naye. Mimi bado nafanya hivyo na wangu ni mzee.

DadaWaKarura
Na kabla uanze tafuta kile kidole cha juu, upande wa ndani wa mguu wa mbele, kwa hizi mbwa kinazama ndani ya manyoya na klipa inakigonga. Kucha yake haigusi chini kwa hivyo haisagiki, inaweza kujikunja irudi kwa nyama. Ukiikata ikatoa damu, weka cornflour kidogo ubonyeze mpaka ikauke.