Jina la mama limekatwa kwenye ruzuku, mdogo wangu ameanza wizi. Naombeni ushauri

Mwana wa Mbagala: Wakuu, heshima kwenu. Naishi na mama na mdogo wangu wa miaka 19. Mama alikuwa anapokea ruzuku ya kaya maskini. Haikuwa nyingi, ila ndiyo ilikuwa mtaji wake wa vitumbua. Mwaka jana kwenye uhakiki jina likakatwa, eti nyumba ina kijana mwenye nguvu. Kijana mwenyewe hana kazi! Sasa anashinda kijiweni, na juzi kaja na simu ya bei, hasemi kaitoa wapi. Mama hali, halali. Nimpeleke polisi? Au nipambane kwanza jina lirudi? Nikisema haya mawili yanahusiana, naambiwa natetea mwizi.

Mzee wa Tandika: Pole mwanangu. Sisi tumelala njaa na hatukugusa cha mtu, usimtafutie sababu. Simu irudi leo. Akidakwa mtaani na kelele za mwizi zikapigwa, hamtamkuta hai.

Dada Kigamboni: Shikamoo mzee. La simu nakuunga mkono, la sababu hapana. Marekani, Rais Clinton alisaini sheria tarehe 22 Agosti 1996, na vijana wenye ulemavu waliokuwa wakilipwa ruzuku tangu utotoni wakaanza kuhakikiwa upya wakifika miaka 18. Wengi wakaondolewa. Watafiti Deshpande na Mueller-Smith waliwafuatilia kwa miaka kama 20: kwa walioondolewa, mashtaka ya jinai yaliongezeka kwa asilimia 20, na ongezeko hilo zaidi lilikuwa la makosa ya kutafuta pesa, kama wizi na utapeli. Uwezekano wa kuwa jela katika mwaka wowote ulipanda kwa asilimia 60. Gharama za polisi na magereza zikakaribia kumeza chote serikali ilichookoa. Mdogo wako si mlemavu na hapa si Marekani, lakini usikubali kuambiwa umebuni.

Fundi Chang'ombe: Mkuu, simu mpeleke nayo kwa mjumbe, wewe na yeye, mashahidi wawepo. Kukaa na mali ya wizi ni kosa, hata wewe utaingia. Kisha mama aandike malalamiko, apeleke serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa kata, abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Dogo aulizie kozi fupi za ufundi VETA. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana, ila ni ya vikundi, peke yake hapati.

Mwana wa Mbagala: Nimeongea naye usiku. Amelia. Kesho saa mbili asubuhi tunaenda kwa mjumbe, na barua ya mama naiandika sasa hivi.